Kapteni na Mfereji (9): Nafasi Mbili Ziwani

Tulimwacha Fundi mbele ya dawati la matembezi, fomu mkononi, miwani imemshukia puani, na binti wa dawati ametoka kumwambia maneno haya: "Mzee ameshawaandikia, mama. Wewe unabaki melini. Yeye amechukua nafasi mbili za mashua ya ziwani."

Nafasi mbili. Mtu mmoja anakalia viti vingapi?

Wiki nzima simu yangu haikupumzika. Wasomaji wa kike wanataka Kapteni atoswe baharini. Wasomaji wa kiume wanasema tumsikilize kwanza, na kwa sauti zao najua ni watu waliowahi kuomba wasikilizwe. Mhariri kaniomba nisichukue upande. Nilimkubalia, kisha nikauchukua.

Kwa aliyeingia leo, nitasema kwa ufupi, maana sina nafasi ya kumbembeleza. Fundi ni fundi cherehani, mama wa watoto watano waliokwisha oa na kuolewa. Kapteni ni mumewe, na si kapteni wa chochote. Alikuwa mpishi katika meli za mizigo kwa miaka ishirini na sita. Hilo jina alipewa na mtaa kwa ajili ya hadithi zake za bahari, naye hakulirudisha.

Watoto wamewazawadia safari hii ya meli ya starehe inayopita Mfereji, ule ambao meli za dunia nzima hukatisha humo, zikipandishwa na kushushwa ndani ya vyumba vya maji vyenye milango mikubwa. Tangu barua yake ya kwanza kutoka kazini, Kapteni alimwahidi mkewe kitu kimoja: siku moja watasimama wote wawili mbele ya meli, waitazame hiyo milango ikifunguka. Fundi amengoja siku hiyo hadi nywele zimebadilika rangi. Ameishonea gauni, la kijani, lina mifuko miwili.

Siku yenyewe ni kesho. Na kesho, kwa mujibu wa ile fomu, Kapteni atashuka alfajiri kabla ya mlango wa kwanza, apande basi hadi ziwani, aendeshwe kwenye mashua kutazama ndege, kisha aikute meli jioni imeshatokea upande wa pili. Fundi atasimama pale mbele peke yake na mifuko yake miwili.

"Huyo wa pili ni nani?" aliuliza.

Binti wa dawati alikuwa na tabasamu la kazini, lile linalovaliwa asubuhi pamoja na sare. Sasa lilimganda. Alieleza kwamba fomu ya chumba inaonyesha idadi tu, si majina, na kwamba siri za abiria wa vyumba vingine haruhusiwi kuzitoa. Kisha, kwa kujitetea, akaanza kumpigia debe matembezi mengine. Kulikuwa na ngome ya zamani, ngazi mia mbili, viatu vya kufunga ni lazima. Kulikuwa na bustani ya vipepeo kwa wasiopenda ngazi. Kulikuwa na kiwanda cha kofia, kama kile cha bandari ya jana, ambako kila mgeni hutoka na kofia asiyoihitaji.

Fundi hakutaka kofia. Aliuliza kama fomu inaweza kubadilishwa.

Inaweza, akajibiwa, mradi mwenyewe aje atie saini. Lakini dawati linafungwa saa sita kamili mchana, orodha zinapelekwa bandarini, na baada ya hapo hata nahodha hawezi kuhamisha jina. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika tano.

Hapo ndipo alipotokea Wifi.

Wifi ni mdogo wake Kapteni, mwanamke wa miraba minne na miwani myeusi, kichwani kavaa moja ya zile kofia za kiwandani. Hakualikwa katika safari hii. Alisikia tu kwamba ipo. Alichungulia fomu, akahesabu kwa kidole, moja, mbili, akashusha pumzi ndefu.

"Mwanamke," alisema. "Wifi yangu, hapa kuna mwanamke."

Hakuishia hapo. Alikuwa na washukiwa wake tayari. Wa kwanza ni yule mjane wa meza namba sita, anayecheka kila Kapteni akifungua mdomo, hata akiomba chumvi. Wa pili ni mwalimu wa mazoezi ya bwawani. Wa tatu hakuwa na jina, ila Wifi alishawahi kumwona ananukia. Akamshika Fundi mkono, akasema waanzie bwawani, kwa sababu wanaume wazee wakipotea hupotelea kwenye maji.

Fundi alimfuata. Aliubana mkoba wake kwapani, ule mkoba wenye sindano, nyuzi na mkasi mdogo. Wale wasomaji wa wiki ya kwanza wanakumbuka kwamba mkasi ulizuiwa kwenye ukaguzi, lakini mkaguzi alikuwa na kifungo kinachoning'inia, Fundi akamshonea papo hapo, na mkasi ukapita.

Bwawani Kapteni hakuwepo. Mjane wa meza namba sita alikuwepo, amelala kwenye kiti kirefu, mdomo wazi, anakoroma. Wifi alimtazama kwa masikitiko ya mtu aliyepoteza ushahidi. Kwenye chumba cha karata hakuwepo. Kwenye maktaba hakuwepo, na hilo halikumshangaza mtu.

Wakaingia ukumbi mkubwa, na Fundi akasimama ghafla mbele ya kazi ya mikono yake.

Juzi tu kile kitambaa kilitundikwa pale kwa heshima. Ni kitambaa cha kudarizi, kirefu kuliko kitanda, alichokishona kwa miaka mingi akifuata barua za mumewe. Kuna meli nyeusi, kuna maji ya buluu ya aina nne, na kuna milango miwili ya uzi wa fedha, nusu imefunguliwa, inapanda juu kama mlango wa bati wa dukani. Kila binti yake alipoolewa alipewa mfano wake mdogo. Mtaani kwao hakuna nyumba ya ukoo isiyo na ule Mfereji ukutani.

Chini yake alikaa Mwalimu Mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya burudani ya abiria, cheo alichojipa siku ya pili ya safari. Aliwapokea kwa furaha. Alisema kesho saa kumi na mbili asubuhi Kapteni atasimama sitaha ya mbele na kipaza sauti, awaeleze abiria wote Mfereji mlango kwa mlango, mtu aliyeupita mara arobaini na moja. Kipaza sauti kimeshajaribiwa. Kimebaki kitu kidogo tu: Kapteni mwenyewe aliomba apewe hadi saa sita mchana atoe jibu.

Fundi alirudia moyoni, saa sita mchana. Alikuwa ameanza kukunja uso, si wa hasira, ila ule wa fundi anayeona mshono umekwenda kombo na anatafuta ulipoanzia. Wifi akamvuta mkono kabla hajaupata. Alisema wanaume hawatafutwi kwa kufikiri.

Harufu ndiyo iliyomtafuta. Waliposhuka ngazi za watumishi ilikuja harufu ya vitunguu vinavyokaangwa polepole, na Fundi akapunguza mwendo. Vile vitunguu alivijua. Kuna watu wanatambuana kwa nyayo, kuna wanaotambuana kwa kikohozi, yeye alimtambua mumewe kwa moto mdogo.

Mlango wa jikoni ulikuwa na kidirisha cha duara. Wifi alichungulia kwanza, kwa kuwa ni mrefu na hana haya. Akarudi nyuma, akashika kifua.

"Anamlisha," alisema.

Fundi akachungulia. Ni kweli. Kapteni alikuwa amefunga aproni, amefumba macho, amefungua mdomo, na mwanamke wa makamo mwenye kofia ndefu nyeupe alikuwa akimtilia kijiko kinywani taratibu. Kapteni alimeza, akatikisa kichwa kwa utamu uliopita kiasi.

Msomaji, kuna mambo mke anaweza kuyasamehe. Kijiko si mojawapo. Fundi alisukuma ule mlango kwa bega.

Jiko zima likanyamaza, wapishi kumi na tano, visu hewani. Kapteni alifumbua macho, akamwona mkewe, na supu ikamwendea njia isiyo yake. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Yule mwanamke akampiga mgongoni kwa mkono wa mtu aliyezoea kuponda nyama, akamgeukia Fundi, uso umemkunjuka.

Alisema shikamoo mama, wewe ndiye mkewe? Alisema yeye ni Mpishi Mkuu wa meli hii, na huyu mzee ni mtu wa ajabu, siku tatu sasa anakuja mwenyewe, hakuitwa, anaonja, anamwambia supu imekosa nini, na kila anachosema ni kweli. Alisema yeye ana vyeti vitatu ukutani na hakuna hata kimoja kilichomfundisha kutia chumvi mara mbili badala ya mara moja.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza bila kupanda sauti kama kesho yeye, Mpishi Mkuu, ana mpango wa kwenda ziwani kwenye mashua.

Mpishi Mkuu alicheka hadi kofia ikahama. Ziwa lipi? Kesho ni siku ya Mfereji. Alfajiri marubani wa Mfereji, wale waongoza meli, wanapanda na wafunga kamba wao, watu thelathini na zaidi, na ni desturi ya njia hiyo kwamba meli iwalishe chakula cha moto tangu kamba ya kwanza hadi ya mwisho. Siku ya Mfereji mpishi haoni hata jua.

Kapteni aliposikia maneno hayo aliinamisha kichwa. Kumbuka hilo, msomaji, tutalirudia.

"Basi ile nafasi ya pili ni ya nani?" Fundi alimuuliza mumewe.

Kapteni hakumtazama Mpishi Mkuu. Hakutazama sakafu. Alitazama juu ya bega la mkewe, mlangoni, mahali ambapo mtu mmoja wa miraba minne alikuwa akijaribu kutoka kinyumenyume bila kugusa sufuria.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wifi alivua miwani myeusi, akaifuta, akaivaa tena.

"Kaka aliniomba," alisema.

Fundi alimkumbusha kwamba nusu saa nzima wametafuta mwanamke.

"Na mimi ni nani, wifi? Nilisema hapa kuna mwanamke, sikusema si mimi." Kisha akaona utani hautasimama, akasema kweli. Kaka yake alimsihi jana jioni. Alimwambia amechoka na Mfereji, ameuona mno, anataka ndege. Leo jioni wangemwambia Fundi kwamba Wifi anaogopa kwenda ziwani peke yake, na kaka, kwa uchungu mkubwa, imebidi amsindikize. Yeye Wifi alipokuta fomu imeshaonekana, aliona heri kuwasingizia wengine kidogo mpaka saa sita ipite.

Mpishi mmoja nyuma aliuliza kwa sauti ndogo mwanamke huyu anaogopa nini duniani.

Fundi alimshika mumewe pindo la aproni, akamtoa jikoni, kwenye ule ujia mwembamba wa ghala la chakula. Kulikuwa na magunia ya vitunguu. Akamkalisha kwenye moja, akakaa kwenye lingine. Wifi alisimama mbali kidogo, umbali wa kutosha kusikia.

Kapteni alikufa na tai shingoni kwa dakika nzima. Alisema habari ya ndege. Alisema habari ya goti lake na baridi ya asubuhi. Fundi alitoa uzi mkobani, akaanza kuukunja kidoleni, na kuna watu wawili tu katika ukoo ule wasiojua kwamba Fundi akikunja uzi jambo limeiva, na wote wawili ni wachanga.

"Sijawahi kuuona," Kapteni alisema mwishoni.

"Nini?"

"Mfereji. Mara arobaini na moja nimepita, sijauona hata mara moja. Jiko letu lilikuwa chini, halina dirisha. Na siku ya Mfereji ndiyo siku mbaya kuliko zote, umemsikia huyu mama. Moto hauzimwi. Unatoa sahani, zinarudi, unatoa. Unakuja kupanda juu, ni bahari tupu, Mfereji uko nyuma."

Alijifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu.

"Nilikuwa nikiujua kwa sufuria," aliendelea. "Safari nzima supu inacheza. Mwezi mzima inacheza, umeifunga kwa vyuma na bado inacheza. Halafu kuna saa inatulia. Inatulia kabisa, unaweza kuona uso wako. Hapo najua tumeingia katikati ya milango, tunapandishwa. Nilikuwa nasimama pale na mwiko, natazama supu imetulia, nakufikiria wewe. Huo ndio Mfereji wangu mimi."

Nasema wazi, hapa kalamu yangu ilikwama. Nilikuwa nimekaa tayari kumchambua mzee huyu mfupa kwa mfupa, nikaona aibu.

Fundi akauliza habari ya zile barua. Kurasa nne nne, kila mwezi, milango, kamba, maji.

"Nilikuwa nawauliza mabaharia wakija kula. Wao wameshachoka, hawana maneno. Mmoja nilimwuliza, hiyo milango inakuwaje? Akanijibu, inafunguka. Basi. Mbele yangu kulikuwa na mlango wa ghala la chakula, wa bati, ule wa kuvuta juu. Nikautazama huo, nikakuandikia huo."

Akaelekeza kidevu upande wa ukumbi, juu, kwenye uzi wa fedha. Jana mchana kwenye ukumbi wa picha walionyeshwa filamu ya Mfereji. Milango haipandi juu. Inafunguka pembeni, kama milango miwili ya kabati, mmoja huku, mwingine kule. Kapteni aliitazama akaanza kuhesabu hasara. Kitambaa kimetundikwa, kipaza sauti kimejaribiwa, mabinti watatu wana ile picha juu ya vitanda vyao, na yeye kesho asimame mbele ya meli nzima, ageuke amtazame mkewe. Bahati nzuri, alisema, jana mkewe alikuwa amesinzia.

"Sikusinzia," Fundi alisema.

Kapteni akageuza shingo.

"Na si jana. Mtoto wetu wa tatu alipokuwa darasa la sita alileta kitabu chenye picha ya Mfereji. Niliiona milango. Inafunguka pembeni. Jioni ile nikaendelea kudarizi pale nilipoishia."

"Ukijua si kweli?"

"Kitabu kilikuwa cha darasa zima. Barua ilikuwa yangu."

Kule mbali Wifi alivua miwani kwa mara ya pili, na safari hii hakuwa anaifuta miwani.

Fundi akamwambia yaliyobaki bila kupamba. Kwamba barua zake zote zilikuwa na alama za mafuta na harufu ya vitunguu, na mtu anayesimama mbele ya meli kwenye upepo hapaki mafuta kwenye barua. Kwamba hajawahi kuolewa na nahodha na hakuwahi kumwomba awe nahodha. Kwamba hasira aliyonayo ni moja tu, nayo ni kubwa.

"Sikuja kuona milango. Milango hata kwa muuza sukari ipo. Nimekuja kusimama na wewe. Ungenipeleka kusimama mbele ya ukuta ningeenda. Wewe ukaniandikia nisimame peke yangu."

Kapteni alilia. Hakulia kiume, hakulia kwa kujificha, alilia kama mtu anayemenya gunia zima. Fundi alimwacha kwa muda wa haki, kisha akamwuliza saa ngapi.

Ilikuwa imebaki dakika tisa.

Wakaondoka, mguu mosi mguu pili, Kapteni bado na aproni. Lifti ilijaa watu waliotoka mazoezini, ikasimama kila ghorofa, na katika kila ghorofa kulikuwa na mtu anayeuliza kama inashuka. Wifi akasimama mlangoni na kuwajibu wote kwamba ndani kuna mgonjwa. Ghorofa ya saba wakatoka, wakapita mbele ya Mwalimu Mstaafu aliyenyoosha kidole apate jibu lake, na Kapteni akamtupia jibu bila kusimama: hatasema neno kesho, atatazama tu kama wengine, maana hajawahi kuuona. Mwalimu Mstaafu alibaki na kidole hewani.

Dawati la matembezi lilikuwa linafungwa. Binti alishazima taa, mkono wake uko kwenye mlango wa bati wa dawati, anauvuta chini. Umebaki wazi kiasi cha shubiri mbili.

Kapteni akaona mlango unaopanda na kushuka, na katika maisha yake yote huo ndio mlango pekee anaoujua vizuri. Alitia mguu chini yake. Kiatu kikaminywa, mlango ukasimama, binti akainama kutazama kilichomo akakutana na uso wa mzee mwenye machozi na harufu ya vitunguu.

"Mwanangu," Kapteni alisema, "nifute ziwani."

Fomu ikatolewa. Nafasi moja ya mashua ikafutwa. Wifi akashikilia ya kwake, akasema hana ugomvi na ndege, na kama kuna kiti wazi apewe mjane wa meza namba sita, amemwonea asubuhi nzima. Kwenye mstari wa sitaha ya mbele binti akaandika watu wawili, chumba kimoja. Kapteni akatia saini. Muhuri ukapigwa, na saa ya ukutani ikagonga sita kamili. Kuanzia hapo, kama tulivyoambiwa, hata nahodha hawezi kuhamisha jina.

Fundi alicheka, mara ya kwanza tangu sehemu ya sita. Alimfuta mumewe shavu kwa kidole gumba. Alimwambia kuna gauni la kijani hajaliona.

Ningeweza kuishia hapa, na wengine mngenishukuru. Lakini mlango wa ngazi za watumishi ulifunguka kwa kishindo.

Alikuwa Mpishi Mkuu, hana kofia, anahema, shingo imelowa jasho. Alimpita Wifi, akampita Fundi, akasimama mbele ya Kapteni. Wapishi wake wawili wa supu waliomba ruhusa jana wakajiunga na matembezi ya kiwanda cha kofia. Tangu jana ofisi inawatafuta, ikidhani wamejificha mahali wamelala. Sasa simu imepigwa kutoka bandari ya nyuma. Wako kule, wazima, wamevaa kofia, na meli iko hapa.

"Nahodha ameridhia," alisema. "Mzee wangu, marubani wanapanda saa kumi na moja alfajiri. Wafunga kamba wao wasipopata cha moto wana haki ya kuweka kamba chini, na tukipoteza zamu yetu tutangoja siku tatu. Siku ya Mfereji si kila mpishi anaiweza. Wewe umeifanya mara arobaini na moja."

Na akamkabidhi aproni nyingine, safi, nyeupe, iliyopigwa pasi. Ile ya mwanzo alimvua mwenyewe kwa mkono mmoja, kama mama anavyomvua mtoto.

Kapteni akamtazama mkewe. Akamtazama Mpishi Mkuu. Akaitazama ile fomu yenye wino mbichi.

"Dada, unisamehe," alisema, na alisema vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeamua. "Kesho asubuhi nina miadi na mke wangu."

Wifi alipiga makofi. Binti wa dawati naye akapiga, tabasamu lake sasa la kweli. Fundi peke yake hakupiga. Yeye ni fundi, macho yake hayaendi usoni mwa mtu, huenda kwenye nguo, na aliona ambacho hakuna mwingine aliyekiona.

Mdomo wa mumewe ulikuwa umekataa. Lakini mikono yake, ile mikono ya miaka ishirini na sita, haikusubiri mdomo. Ilishamvisha aproni shingoni, ikapeleka kamba nyuma, na sasa vidole vyake vilikuwa kiunoni vinatafuta fundo, na mwenyewe hana habari.

Fundi aliuweka mkoba juu ya dawati, akaufungua.

"Geuka," alimwambia mumewe.

Kapteni akageuka. Mkono wa kushoto wa Fundi ukazishika zile kamba mbili za aproni. Wa kulia ulikuwa bado ndani ya mkoba, kule unakokaa mkasi.